Jinsi ya kuripoti wizi ili jalada lako lisifungwe siku ya kwanza

Ukiibiwa simu, baiskeli ikichukuliwa au ukirudi ukakuta mlango umevunjwa, uamuzi mzito kuhusu kesi yako haufanyiki mahakamani. Unafanyika mapema, mara nyingi siku hiyohiyo au kesho yake, mikononi mwa mtu asiyekujua: msimamizi wa upelelezi mwenye rundo la majalada mezani na wapelelezi wa kuhesabika. Anasoma ukurasa mmoja, pengine miwili, akitafuta kitu kimoja tu: pa kuanzia. Akipaona, jalada linapewa mpelelezi. Asipopaona, linapewa namba na kuwekwa kabatini.

Mchujo huo upo popote polisi walipozidiwa na kazi, na haukuanza jana. Mwaka 1975 taasisi ya RAND ya Marekani ilichapisha utafiti kuhusu kazi ya wapelelezi, ikaonyesha kwamba kinachoamua zaidi kama kesi itatatuliwa ni kile mlalamikaji anachomweleza askari wa kwanza kumsikiliza, si ujanja wa mpelelezi anayelipokea jalada baadaye. Huko England na Wales, ambako askari walipungua kwa takriban 20,000 baada ya 2010, wakuu wa polisi waliahidi mwaka 2022 kwamba askari atafika kila nyumba iliyovunjwa, na mwaka 2023 wakaahidi kufuatilia kila kidokezo chenye mantiki. Soma ahadi hiyo ya pili polepole. Pasipo na kidokezo, hakuna kilichoahidiwa.

Kwa hiyo polisi wachache wanaweza kushughulikia wizi wa kila siku, lakini wanashughulikia ule unaowafikia ukiwa na pa kushika. Yafuatayo ni namna ya kuwafikia hivyo.

Namba ya dharura au kaunta

Piga namba ya dharura kama mwizi bado yupo, ametoka sasa hivi, kuna mtu ameumia, au umetishiwa. Katika nchi nyingi 112 huunganisha na huduma za dharura, hata kama simu imefungwa kwa namba ya siri. Taja mahali kwanza, kabla ya jina lako na kabla ya kisa chenyewe, kwa sababu simu ikikatika mahali ndiyo taarifa pekee inayoweza kumleta mtu. Kisha taja silaha kama ipo, majeruhi kama yupo, watu wangapi, wamevaa nini, wameelekea wapi na kwa chombo gani. Sentensi tano zinatosha. Hadithi ya mlango ulikuwaje umeachwa wazi itasubiri.

Usianze kwa kumpigia shemeji. Utafiti uliofanywa Kansas City, Marekani, katika miaka ya 1970 uligundua kwamba kwenye matukio ambayo mhalifu na mwathirika wanakutana ana kwa ana, dakika nyingi zilipotea kabla polisi hawajapigiwa: watu walikuwa wakitafuta ushauri, wakimpigia ndugu, wakihakiki kilichopotea. Kwenye matukio yanayogunduliwa baadaye, kasi ya gari la polisi haikubadilisha kitu cha maana, maana mwizi alishaondoka zamani. Ukigundua asubuhi kwamba uliibiwa usiku, huna haja ya king'ora. Tumia namba ya kawaida, fomu ya mtandaoni kama ipo, au nenda kaunta, na itumie nafasi hiyo kujiandaa vizuri.

Simu: dakika kumi za kwanza

Watu wengi hukimbilia kuzuia laini. Ni sawa, lakini mpangilio una maana. Laini ikizuiwa, simu inakosa data, na ikikosa data amri yako ya kuifunga kwa mbali haiifikii mpaka mwizi aiunganishe na Wi-Fi. Fuata mfuatano huu, na umalize wote ndani ya dakika kumi:

1. Kwa simu ya mtu mwingine, ingia kwenye huduma ya kutafuta simu (ya Google au ya Apple) na uiweke katika hali ya kupotea ili ijifunge.
2. Kama ramani inaonyesha ilipo, piga picha ya skrini yenye saa, tarehe na duara la usahihi, yaani lile linaloonyesha eneo ambamo simu inaweza kuwa.
3. Sasa pigia kampuni ya simu wazuie laini na akaunti ya pesa, kisha pigia benki.
4. Badilisha nywila ya barua pepe, kwa sababu ndiyo inayotumika kufungua akaunti nyingine zote.

Usifute data haraka bila kuipiga picha ramani: simu nyingi za Android zikishafutwa hazionekani tena. Na usiiondoe simu kwenye akaunti yako kwa hali yoyote. Siku chache baadaye unaweza kupokea ujumbe wenye kiungo, ukidai simu yako imepatikana na kukutaka uingize nywila. Huyo ni mwizi au mnunuzi wake, anahitaji uifungue ili iuzike. Ujumbe huo usiufute. Namba iliyoutuma ni kidokezo.

Kuhusu ile nukta kwenye ramani, hapa ndipo watu na polisi wanapogombana zaidi. Mlalamikaji anasema, "Afande, iko pale, naiona." Afande anaona duara lenye upana wa mita kadhaa, pengine makumi ya mita, limefunika nyumba sita, na kama ni ghorofa ramani haisemi ni ya ngapi. Kwa duara hilo hakimu makini hatatoa hati ya kupekua nyumba zote sita. Kinachosaidia ni mfululizo: picha za skrini kila baada ya nusu saa, hasa usiku wa manane wakati simu imetulia. Duara likirudi mahali palepale usiku mara tatu, na mara moja likawa dogo, hoja inabadilika. Fungua pia kumbukumbu za akaunti yako uone kama kuna jaribio la kuingia, kwa saa ngapi na kwa mtandao upi.

Usiende kuichukua mwenyewe. Hujui aliye nyuma ya mlango, na hata ukiipata, umeharibu uhusiano kati ya simu na mtu aliyekutwa nayo, ambao ndio ushahidi wenyewe.

IMEI, na namna ya kujua kama imeandikwa sawa

Simu bila IMEI, yaani namba ya pekee ya utambulisho ya kila simu, ni "simu nyeusi aina fulani". Hata ikikamatwa kesho katika upekuzi, hakuna wa kujua ni yako. IMEI ina tarakimu 15. Unaipata kwa kubonyeza *#06#, kwenye boksi, kwenye risiti nyingine, au ndani ya akaunti yako ya Google au Apple hata kama simu haipo. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili, andika zote. Kosa la kawaida ni kunakili namba ya mfululizo ya kiwanda ukidhani ndiyo IMEI. Namba hiyo mara nyingi ina herufi. IMEI haina herufi hata moja.

Kosa la pili ni tarakimu moja kukosewa kaunta. Bahati nzuri, tarakimu ya 15 imewekwa kwa ajili ya kulikamata kosa hilo. Chukua mfano huu: 490154203237518. Weka pembeni ile 8 ya mwisho. Katika 14 zilizobaki, tarakimu za nafasi ya 2, 4, 6 hadi 14 ni 9, 1, 4, 0, 2, 7, 1. Zizidishe kwa mbili; jibu likiwa na tarakimu mbili, zijumlishe. Unapata 9 (kutoka 18), 2, 8, 0, 4, 5 (kutoka 14) na 2, jumla 30. Tarakimu za nafasi zisizo shufwa (1, 3, 5 hadi 13) ni 4, 0, 5, 2, 3, 3, 5, jumla 22. Ukijumlisha 30 na 22 unapata 52. Ili kufika kwenye kumi inayofuata, yaani 60, unahitaji 8. Ndiyo ile ya mwisho. Isipolingana, kuna tarakimu imeandikwa vibaya. Hesabu hii inakamata kosa lolote la tarakimu moja, na inachukua dakika mbili.

Kwa baiskeli, mara nyingi namba iko chini ya fremu pale pedali zinapokutana. Ipige picha leo, si siku ya kuibiwa. Magari mengi ya kisasa yana namba ya chesisi yenye alama 17, na ndani yake hazitumiki herufi I, O na Q, kwa hiyo ukiona "O" ujue ni sifuri. Kompyuta, televisheni na mashine zina namba ya kiwanda nyuma au chini. Vitu visivyo na namba, kama vito, vinahitaji picha ya karibu na alama yake ya pekee: mkwaruzo, kiungo kilichochomelewa, herufi zilizochongwa.

Nyumba iliyovunjwa

Usifanye usafi. Piga picha kwanza, kwa hatua tatu kila sehemu: ya mbali inayoonyesha chumba kizima, ya kati, na ya karibu ukiweka rula au kitu chenye ukubwa unaojulikana kando ya alama. Alama za vidole hushika vizuri kwenye kioo, rangi inayong'aa, plastiki na chuma laini. Kwenye mbao zisizopigwa randa au kitambaa usitarajie mengi. Tafuta kitu ambacho mwizi alikishika na wewe hujakigusa: droo iliyotolewa, chupa iliyohamishwa, kipande cha kioo kilichong'olewa na kuwekwa pembeni. Hicho cha mwisho ni dhahabu, kwa sababu mtu hutoa kioo kwa vidole vyake vyote.

Alama ya kiatu ifunike kwa beseni au boksi. Damu au kichungi cha sigara kisiguswe. Kikilazimika kuhamishwa kwa sababu ya mvua, kiweke kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, kwani unyevu huozesha kinachotafutwa. Usisahau nje: ukuta aliopanda, tawi lililovunjika, na kifaa alichotumia, ambacho mara nyingi ni chako mwenyewe, kimetoka stoo.

Ukiambiwa hakuna mtaalamu wa kuja leo, uliza swali moja: "Je, nivihifadhi vitu hivi, au naruhusiwa kusafisha?" Jibu liandike pamoja na jina la aliyelitoa na saa.

Kamera zina saa zake

Picha za kamera ndizo kidokezo kinachopotea haraka kuliko vyote, na hupotea bila mtu kufanya lolote. Mashine ya kurekodi ikijaza diski yake, inaanza kuandika juu ya siku za zamani. Piga hesabu: kamera moja inayorekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera nne ni gigabaiti 86. Diski ya terabaiti 1 inajaa kwa siku 11 na ushei. Mpelelezi akipewa jalada siku ya nane na akafika dukani siku ya kumi na tatu, anakuta hakuna. Hakuna aliyeficha kitu. Diski ilizunguka tu.

Kwa hiyo siku ileile tembea njia ambayo mwizi angepita, kwenda na kurudi. Angalia juu. Orodhesha kila kamera: iko wapi, ya nani, inaelekea upande gani, nani mhusika na namba yake. Mwenye kamera hana wajibu wa kukupa wewe picha, na sheria za faragha zinaweza kumkataza, usigombane naye. Mwombe jambo dogo zaidi: aihifadhi sehemu hiyo isifutike, mpaka polisi waje kuichukua. Mashine nyingi zina kitufe cha kufunga kipande au kukinakili kwenye flashi. Kinakiliwe katika mfumo wake wa asili. Kurekodi skrini kwa simu ni akiba ya dharura tu, kwa sababu sura hufifia na hakuna wa kuthibitisha chanzo.

Omba muda mpana: nusu saa kabla na nusu saa baada. Wakati wa tukio lenyewe mwizi amevaa kofia na ameinama. Dakika ishirini kabla, akizungukazunguka, uso huwa wazi.

Halafu saa ya mashine. Karibu kila kamera ya mtu binafsi iko mbele au nyuma. Simama mbele ya skrini yake, linganisha na saa ya simu inayojirekebisha kwa mtandao. Kama skrini inasema 18:47 na simu inasema 18:36, kamera iko mbele kwa dakika 11. Tukio la 14:20 litafute kwenye 14:31. Andika tofauti hiyo kwenye orodha, vinginevyo mpelelezi ataangalia 14:10 hadi 14:25, hataona mtu, na ataandika "kamera hazikuonyesha kitu".

Hapa sisi tunaotumia Kiswahili tuna mtego wetu. "Saa nane na dakika ishirini" ya mlalamikaji ni 14:20 ya kamera, na "saa mbili" isiyo na asubuhi wala usiku inaweza kumpeleka mtu kwenye 02:00, 08:00, 14:00 au 20:00, kutegemea aliyeandika alikuwa akiwaza kwa saa ipi. Andika zote mbili: saa nane na dakika ishirini mchana (14:20). Majalada yenye saa zinazopingana huonekana kama ya mlalamikaji anayedanganya, kumbe ni tafsiri tu.

Ukurasa mmoja wa kupeleka kaunta

Andika nyumbani, kwa utulivu, uende na nakala mbili. Huandiki barua ya malalamiko. Unajibu maswali ya yule msimamizi kabla hajayauliza. Je, mshukiwa anajulikana, au anaweza kutambuliwa? Kuna shahidi, na anapatikana wapi? Kuna chombo cha usafiri, namba yake au sehemu ya namba? Kuna kamera? Mali ina namba? Kuna alama au kitu alichoacha? Kuna pengo la muda gani kati ya mara ya mwisho ulipoiona mali na ulipogundua imetoweka? Imewahi kutokea hapo kabla? Kuna mtu dhaifu nyumbani, mzee anayeishi peke yake kwa mfano? Swali ambalo huna jibu lake, andika "hapana". "Hapana" ya wazi humwokolea mpelelezi safari.

Tofauti ya maandishi ni hii. Mlalamikaji mmoja ameandika: "Jana jioni vijana wawili waliniibia simu yangu ya bei ghali, naomba msaada wenu." Mwingine ameandika: "Jumanne, kati ya saa 12:40 na 12:45 jioni (18:40–18:45), mbele ya mlango wa kaskazini wa stendi, mwanaume mmoja, mrefu kunizidi kidogo, jaketi la kijani lenye mstari mweupe mkononi, alininyang'anya simu kutoka mkononi kwa kunisukuma. Alipanda nyuma ya pikipiki nyekundu. Niliona herufi mbili za mwisho za namba, KD. Muuza magazeti aliye mkabala na mlango aliona. Kamera ya duka la dawa inaelekea pale. Meneja amehifadhi, saa yake iko mbele dakika 11. IMEI ni hizi mbili." Kisa ni kilekile. Maelezo ya pili yana pa kuanzia mara tano.

Tazama neno "kunisukuma". Kuchomolewa simu mfukoni bila kujua ni wizi. Kusukumwa, kupigwa au kutishiwa ili uiachie ni unyang'anyi, na katika sheria nyingi ni kosa zito zaidi linalopangwa juu kwenye foleni. Watu huiacha nguvu iliyotumika kwa sababu hawakuumia. Iandike. Lakini usiitunge: taarifa ya uongo ni kosa la jinai, na kamera ileile uliyoihifadhi ndiyo itakayokuumbua.

Usiongeze vitu kwa ajili ya bima. Mali ikipatikana pungufu ya orodha, wakili wa mtuhumiwa ataanza na pale.

Tenganisha ulichoona na unachodhani. "Namshuku fulani" peke yake ni tuhuma; "namshuku fulani kwa sababu wiki iliyopita aliuliza funguo za nyumba huwekwa wapi, na siku ya tukio hakuja kazini" ni kidokezo. Ukimtaja mtu kwa chuki za zamani, mpelelezi atapoteza siku mbili akimfuata asiyehusika, na hazitarudi.

Askari akishaandika maelezo yako, yasome yote kabla ya kusaini, hata foleni ikinung'unika nyuma yako. Angalia saa, IMEI na namba ya chombo. Usiondoke bila namba ya kumbukumbu, iwe kwenu inaitwa OB au RB, na jina la aliyekuhudumia.

Na kama huna kidokezo chochote? Ripoti bado. Kesi yako peke yake huenda isisonge, lakini ile pikipiki nyekundu ikitajwa na watu wanne kwa juma moja, inakuwa kazi ya doria. Watafiti walipochambua simu zilizopigwa kwa polisi wa Minneapolis katika mwaka mmoja wa miaka ya 1980, walikuta takriban asilimia 3 ya anwani zilitoa nusu ya simu zote. Askari wachache wakipangiwa maeneo hayo machache wanafaa kuliko wengi wanaozunguka ovyo. Jaribio la Kansas City la 1972–1973, lililopima doria za kawaida za magari kwa kuziongeza mahali pengine na kuziondoa kwingine, halikukuta tofauti ya maana katika uhalifu. Ramani ya maeneo hayo huchorwa kwa taarifa zilizoripotiwa. Wizi usioripotiwa haupo kwenye ramani.

Kufuatilia bila kuwa kero

Kupiga simu kila siku kunamfanya mpelelezi asipokee. Kukaa kimya miezi miwili kunamfanya asahau. Kipimo kinachofanya kazi ni hiki: siku ya tatu, uliza tu jalada limepewa nani, siku ya saba, mkumbushe kamera na tarehe zitakapofutika, baada ya hapo, kila wiki mbili, au wakati wowote ukiwa na jambo jipya. Jambo jipya lipeleke kwa maandishi, namba ya kumbukumbu ikiwa mstari wa kwanza.

Ukiambiwa jalada limefungwa, usilalamike kwanza. Uliza sababu iliyoandikwa, kisha linganisha na ukurasa wako. Kama ilisemwa "hakuna shahidi" na muuza magazeti hakuhojiwa, una hoja ya sentensi moja ya kumpelekea mkuu wa upelelezi: shahidi huyu alitajwa tarehe fulani, hajahojiwa, bado anapatikana pale. Hoja ya namna hiyo ni ngumu kuikataa kuliko kurasa tatu za hasira. Ikishindikana, panda kwa mkuu wa kituo, halafu chombo cha kusimamia polisi, ukiambatanisha nakala zilezile. Jalada lililofungwa kwa kukosa ushahidi linaweza kufunguliwa tena ushahidi ukipatikana.

Ukiiona mali yako inauzwa mtandaoni, hifadhi tangazo kabla hujamwandikia mtu: kiungo, jina la akaunti, picha zote, tarehe, bei, namba. Usimtishe muuzaji, atafuta kila kitu ndani ya dakika. Usiinunue tena wala usipange kukutana naye peke yako. Mpelekee mpelelezi, na umweleze ni alama gani kwenye picha inayoonyesha ni yako: "mkwaruzo kwenye mshikio wa kulia unaonekana katika picha ya tatu".

Na kama mtaa umemkamata mtu, hakikisha hapigwi. Ukiacha kwamba anaweza kuwa siye, mshukiwa aliyepigwa anapelekwa hospitali badala ya kuhojiwa, maelezo yake yanapingwa mahakamani, na polisi wachache waliokuwa wapeleleze wizi sasa wanapeleleza shambulio ambalo wewe ni mmoja wa washukiwa.

Mwizi hurudi, na hurudi mapema

Nyumba iliyovunjwa ina hatari kubwa zaidi ya kuvunjwa tena kuliko ya jirani, na hatari hiyo iko juu kabisa katika wiki za kwanza. Mwizi ameshajua njia, mbwa, na kilichobaki. Tena anajua utanunua televisheni mpya. Katika mtaa wa Kirkholt, Rochdale, Uingereza, miaka ya 1980, mradi uliolenga tu nyumba zilizokwisha kuvunjwa ulipunguza uvunjaji mtaani hapo kwa zaidi ya nusu. Kazi ilikuwa ya kawaida: kuimarisha milango na madirisha palepale mwizi alipoingilia, kuondoa mita za gesi na umeme zilizokuwa zikikusanya sarafu ndani ya nyumba, na kuwapa majirani wachache wa karibu jukumu la kuiangalia nyumba hiyo moja.

Fanya hivyohivyo, usiku huohuo kama inawezekana. Anza na tundu lililotumika, si na kamera mpya. Kama kuna funguo zilizoibwa, badilisha kitasa. Kufunga mara mbili hakusaidii. Kwenye mlango wa mbao, udhaifu mara nyingi si kitasa bali bati dogo linalopokea ulimi wake kwenye fremu, lililoshikwa kwa skrubu za sentimita mbili. Weka skrubu za sentimita 7 au 8 zinazopenya fremu mpaka ukutani au kwenye nguzo. Waambie majirani wawili saa ilipotokea na alikoingilia. Maboksi ya vitu vipya yakatekate kabla ya kuyatupa.

Mali ikipatikana, huenda usipewe siku hiyo: ni kielelezo, na kinaweza kukaa stoo ya vielelezo mpaka kesi iishe. Nenda na risiti, picha na namba, uandikishe kwamba unaidai, kisha uliza kama inaweza kupigwa picha na kurejeshwa kwako kwa dhamana hadi itakapohitajika mahakamani. Sheria za nchi nyingi zinaruhusu hilo, ila mara nyingi ni lazima uombe. Ukiipokea, kagua mbele ya askari na uandike hali yake kwenye fomu kabla ya kusaini. Simu iliyorudi usiiwashe kwa laini yako wala usiingie kwenye akaunti. Mwombe kwanza mpelelezi athibitishe kwamba haihitajiki kuchunguzwa, halafu ifute yote na uiandae upya.